Mengineyo

Kikao kilifunguliwa kwa sala saa nne na robo,
ingawa barua ilisema saa tatu kamili.
Ukungu wa Loleza ulikuwa umekaa dirishani
kama mjumbe asiyealikwa.
Mimi ndiye katibu. Wino wa kalamu yangu
uliganda kwa baridi ya Juni; nikaupulizia
kama mtu anayewasha mkaa mbichi.

Barua ya Jiji nimeisoma mara mbili:
ruzuku ya maendeleo, shilingi milioni arobaini na mbili,
imetoka juu, ikapita mikono ambayo hatuijui,
ikatufikia kama koti la mtumba:
zito, zuri, lina mifuko,
ila limekatwa kwa mabega ya mtu mwingine.
Itumike kabla ya tarehe thelathini.
Isipotumika, irudi Hazina.

Siku hiyo ilikuwa tarehe tisa.

Mtaa wa Juhudi wanataka bati.
Boma lao la madarasa mawili, nguvu za wananchi,
limesimama tangu mwanangu Sadoki akiwa la pili.
Sasa Sadoki ana ndevu, anauza vocha Kabwe,
na pale ambapo pangekaa dawati la mwalimu
umeota mparachichi.
Unazaa.

Mtaa wa Mlimani wanataka chumba cha kujifungulia.
Bi. Tusajigwe Mwambona hakusimama.
Alifungua fundo la khanga,
akaweka mezani wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake,
na uzi mweupe.
"Chumba chetu ndicho hiki," akasema.
Mtu akakohoa. Mtu akatazama simu.

Diwani akapendekeza tugawane sawa,
mitaa mitano, milioni nane na laki nne kila mmoja,
manung'uniko yaishe.
Fundi Asegelile akacheka mpaka akavua kofia:
"Kuku mmoja kwa wageni hamsini, mheshimiwa!
Kila mtu atarudi kwake ananukia mchuzi,
na hakuna atakayesema amekula.
Milioni nane haiezeki. Inazaa maboma mengine."

Tukahesabu kwenye ubao.
Chumba cha Mlimani: milioni sitini na moja, miezi minne.
Bati la Juhudi: milioni thelathini na tisa, siku kumi na nane
kama mvua haitatuchezea.
Hapo hoja ikajijibu yenyewe.
Hakuna aliyeuliza tena nani anaumia zaidi.
Tuliuliza nini kitaisha kabla ya tarehe thelathini.

Kura: nane kwa bati, sita dhidi,
mmoja alikuwa nje, anapokea simu.
Katika ile minane uliyopanda juu
niliuona mkono wa Bi. Tusajigwe,
mwembamba, una unga wa mahindi kwenye vidole.
Nilimtazama. "Mjukuu wangu anasoma pale," akasema,
"mvua inamfuta ubaoni."

Mengineyo.
Vijana wa Juhudi wakauliza: mti ukikatwa,
maparachichi ni ya nani, ya shule, ya mtaa,
au ya yule aliyetema kokwa?
Tukabishana nusu saa na zaidi,
kuliko tulivyobishania fedha zote,
kwa furaha, kwa sauti, kama watu
ambao hatimaye wamepewa kitu cha kwao cha kugawa.

Mwishoni nikaandika:
Chumba cha kujifungulia Mlimani. Kisubiri ruzuku ijayo.
Mstari mmoja. Mwaka jana pia niliuandika,
herufi zilezile, kasoro mkono wangu umechakaa.

Kikao kikafungwa saa nane. Wajumbe wakagawana soda.
Nilipokusanya makaratasi, wembe ulikuwa bado mezani.
Nilimwita; alikuwa ameshauvuka mfereji,
anapanda kilima bila kugeuka.

Sikuutupa.
Nimeuondoa karatasi yake, nikauweka wazi
katikati ya daftari, hapo kwenye Mengineyo,
ili mwakani nikifungua ukurasa huo kwa haraka
unikate.